Pine za Theluji kwenye Njia ya Kilo

Wiki niliyoacha kazi, vijana wa garaji walinizunguka wakaniuliza ni pine gani, yaani mpira gani wa gari, unaofaa majira yote: mvua na jua, matope na mawe. Niliwajibu kwa mkato kwamba haipo. Waliona nimewanyima. Sikuwanyima. Jibu lake ni refu na lina kaburi ndani yake, na sikutaka kulisema nikiwa nimesimama, chupa ya soda ya kuagana mkononi. Sasa nimekaa nyumbani, nina nafasi. Mtanisamehe mwandiko wangu; shule niliyosoma ni ya msingi tu, tena sikuimaliza.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapa Bunia, katika garaji ya kampuni moja ya kahawa. Garaji ile ilitunza makamio, yaani malori, ya kampuni pamoja na jipu, gari la Jeep, la zahanati yake. Mkuu wa pine alikuwa Muzee Ukumu, mtu wa Mahagi, mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu ya gundi ya moto. Siku ya kwanza nilitegemea kupewa chuma cha kutolea pine. Hakunipa hata kitambaa cha kufutia mikono. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, akanitoa mpaka nje ya mji, tukasimama kando ya njia kutazama alama zilizoachwa na magari kwenye udongo.

Alinifundisha kuzisoma zile alama. Hapa pine imepita na kuacha picha safi ya meno yake: hiyo inameza matope na kuyatema. Pale imeacha mstari laini kama uliopakwa kwa mwiko: hiyo imemeza na haikutema, meno yamejaa, dereva anatembea juu ya sabuni na hajui. Akasema pine ya matope haipimwi kwa kumeza, inapimwa kwa kutema. Tulirudi garaji nimelowa hadi magoti, na kazi yote niliyoifanya baadaye imejengwa juu ya asubuhi ile.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: vyuma viwili vya kutolea pine, alivyovifua mwenyewe kutoka kwenye resori, yaani springi, ya kamio lililokufa, nyundo ya mpira, beseni la maji la kutafutia tundu, pompi ya mguu, na chaki. Mtu akiazima chuma cha Muzee Ukumu, alifuatwa hadi chooni. Alinifundisha mengine polepole. Pine nyembamba hupasua matope ikafika chini penye ugumu. Pine pana huelea juu yake kama bata, na dereva wake huifurahia mpaka kona ya kwanza. Ukiingia kwenye udongo laini, punguza upepo kidogo ili pine ilale na kushika. Ukifika kwenye mawe, rudisha. Usivalishe ekseli moja pine mbili za tabia mbili, maana zitagombana njiani na mwamuzi atakuwa mtaro. Na pine isiyofanya kazi isiachwe juani, huzeeka haraka kuliko iliyo barabarani.

Sasa nifike kwenye pine za theluji. Zahanati ilikuwa na daktari Mzungu, mtu mpole, aliyechoka kuona jipu likilala njiani kila mvua. Aliagiza kwao pine nne ambazo huko huvalishwa wakati wa baridi. Hatukujua theluji ni nini. Alimweleza Muzee Ukumu kwamba ni kitu kinachoanguka kutoka juu kama unga, watu wakikikanyaga kinateleza. Muzee alifikiri, kisha akasema basi hayo ni matope meupe, tofauti ni rangi. Daktari alicheka, lakini baadaye alikubali kwamba hakuweza kuieleza vizuri zaidi.

Zile pine zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Zilikuwa nyembamba, meno marefu yaliyoachana, na mpira wake laini. Ukibonyeza kwa kidole gumba unaitika. Mvua za kwanza jipu lilipanda milima ya njia ya kwenda Kilo, kwenye machimbo ya dhahabu, kama mbuzi, na Kasereka, dereva wa zahanati, akaanza kujisifu kana kwamba meno ni yake. Lakini jua lilipokuja tuliona upande wa pili. Ule ulaini uliotusaidia kwenye udongo ndio uliotuponza kwenye njia ya moto yenye kokoto. Zililiwa kama kifutio cha shule. Muzee Ukumu hakusubiri ziishe. Alizitoa, akaziosha, akazikausha, akazisimamisha kwenye kona yenye giza na kuzifunika kwa magunia. Jipu likavaa pine ngumu za njia kavu mpaka mvua zirudi. Ndivyo tulivyofanya kila mwaka: mvua zikikaribia tunavalisha laini, jua likikaribia tunavalisha ngumu. Ni kazi ya siku moja na jasho. Ndiyo maana niliwaambia vijana kwamba pine ya majira yote haipo. Yuko mtu anayekubali kuinama mara mbili kwa mwaka, basi.

Kisha daktari alirudi kwao, na wenye kampuni nao wakaondoka. Tukaletewa jeran mpya, yaani msimamizi. Jina lake sitaliandika, maana ana watoto na hawakufanya kosa. Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Naye alikuwa na jipu la aina ileile ya zahanati. Siku moja, katikati ya jua kali, alipita garaji akainua gunia akaona zile pine zimesimama gizani, meno yanang'aa. Akasema zivalishwe gari lake leo hii.

Muzee Ukumu alimwambia kwa upole, akimwita patro, yaani bosi, "Patro, hizi ziko za mvua. Jua itazikula."

Jeran alitutazama sote akicheka. "Muzee, weye unaficha vitu vizuri mu giza sawa vile bwana mwenye wivu anaficha muke yake."

Watu walicheka. Nami nilicheka, maana ilichekesha. Tulizivalisha. Zile ngumu za zahanati zikabaki kwenye jipu lao kwa wakati ule, na hatukuona shida kubwa bado. Lakini kesho yake jeran alirudi na lawama nyingine: pine zimelala chini, gari linaonekana kama la mtu asiyekuwa na kitu. Muzee alieleza kwamba pine laini huwekwa upepo wa kadiri. Jeran alitaka zipompwe mpaka zisimame, na zikapompwa, kwa sababu gari ni lake na amri ni yake.

Ninyi mlio kwenye kazi mnajua pine iliyopompwa kupita kiasi inafanya nini. Inavimba tumbo. Inatembea kwa katikati peke yake, na mabega yake hayagusi njia. Hivyo ndivyo alivyozunguka nazo jua lote, Mahagi, Kilo, arusi hii na arusi ile, vumbi likimfuata. Katikati pakaliwa pakawa laini kama ngozi ya ngoma. Pembeni, kule ambako mtu anaona akisimama kando ya gari, meno yalibaki marefu, mazuri, kana kwamba yametoka kwenye meli jana.

Mawingu yalipoanza kujikusanya jeran alijikumbuka. Aliamuru zile pine zirudishwe kwenye jipu la zahanati, na zile ngumu, ambazo bado zilikuwa nzima, zivalishwe gari lake. Hata minyororo ya zahanati, ya kufungia pine wakati wa matope, hatukuiona tena. Alikuwa amempa rafiki yake mwenye kamio. Muzee Ukumu alikataa kushika chuma kabla hajamwonyesha. Alimwomba ainame tu kidogo atazame katikati. Jeran alikuwa na suti ya kwendea kikaoni, na chini kulikuwa na mafuta. Alisimama palepale alipozoea kusimama, kando.

"Meno iko," akasema. "Minaona na macho yangu."

"Pembeni iko, patro. Katikati hakuna. Gari inatembea na katikati."

"Pine yote iko rond, muzee. Fanya kazi."

Nimeyasikia maneno mengi mabaya katika maisha ya garaji, matusi ya madereva na ya wenye magari. Hakuna lililonikaa kifuani kama hilo la kwamba pine zote ni za mviringo. Ndiyo, ni za mviringo. Hata sahani ni ya mviringo.

Mke wangu aliitwa Lotsove. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na kwa desturi alikwenda kungojea kwa mama yake, Kilo. Mvua zilikuwa zimekolea. Siku moja asubuhi ujumbe ulifika zahanati kwa redio ya misioni: uchungu umemshika tangu jana na mtoto hatoki, aletwe Bunia apasuliwe. Nesi mkuu alitoa jipu papo hapo. Kasereka alishika usukani, nami nikapanda na vyuma, majembe na pompi. Muzee Ukumu alitusindikiza mpaka langoni. Alipita nyuma ya gari, akatazama zile pine tulizozirudisha kwa amri, akaondoka bila kutuaga.

Tulifika kwenye mlima wa udongo mwekundu kabla ya Kilo mvua ikiwa bado inanyesha. Pine zikameza matope. Hazikutema. Nilipunguza upepo ili yale meno ya pembeni yashike, na kwa kweli yalijaribu, lakini mpira wake ulikuwa umekwisha kupikwa na jua ukawa mkavu. Tulikata matawi, tukapanga mawe, tukachimba. Kila Kasereka akikanyaga moto, gari lilipanda hatua chache kisha likarudi upandeupande. Mwisho lilikaa mtaroni, likinguruma, magurudumu yakizunguka bure, katikati paking'aa kama pametoka kuoshwa.

Ndipo tulipowaona wanaume wakishuka kutoka juu na kipoyi, machela ya miti. Watu wa Kilo walikuwa wamechoka kungojea. Niliwakimbilia. Lotsove alikuwa juu yake. Alinijua. Aliniuliza kama gari liko mbali. Nilimwambia liko pale chini, na kweli lilikuwa pale chini, alilisikia. Alifumba macho kama mtu aliyefika. Hakuyafumbua tena. Nesi alinieleza baadaye mambo ya damu na ya saa, na kwamba kama tungeupita mlima ule mapema, angekuwa na nafasi. Alinieleza kwa wema. Ningefurahi kama asingenieleza.

Njia haikupitika, tukamzika kwao, yeye na mtoto. Sikulia mbele ya watu. Mimi si mtu wa kulia mbele ya watu, na huko matangani walianza kunong'ona juu yangu kwa hilo pia. Lakini hawakunong'ona juu yangu mimi peke yangu.

Kule kwetu, kabla matanga hayajaondolewa, mtu wa karibu husimama kueleza jinsi kifo kilivyokuja: ugonjwa ulianza lini, alipelekwa wapi, alisema nini. Bila maelezo hayo kila mtu huondoka na maelezo yake. Na maelezo yalikuwa tayari. Lotsove alikuwa na shangazi, mama mzee mjane, aliyeishi peke yake nyuma ya nyumba ya baba mkwe. Walikuwa wamegombana, yeye na Lotsove, juu ya mbuzi aliyekula mboga. Hiyo ilitosha. Vijana wa ukoo walikuwa wamekwisha kuamua kwamba mlima haukukataa gari bure, kwamba kuna mtu aliyelifunga kwa uchawi. Walikuwa wanangoja tu nisimame niseme mvua, nikae. Baada ya hapo mama yule angetolewa, na nyumba yake ingechomwa. Alijua. Alikaa mlangoni kwake, vitu vyake vimefungwa kwenye kitambaa kimoja, na hakuna mwanamke aliyempelekea uji.

Siku ya maelezo njia ilikuwa imekauka, na jeran alifika. Alifika na sukari na mchele, na uso wa msiba, tena alifika na lile jipu la zahanati, lililokwisha kutolewa mtaroni na kurudishwa Bunia, Kasereka akiendesha, maana lake alikuwa hataki lichafuke. Alinivuta kando, akanishika bega.

"Ndugu, weye ni mutu wa nyumba yetu," akaniambia. "Usilete mambo mingi. Sema mvua. Mvua haina kesi."

Nilitazama kule mlangoni kwa mama mzee. Mvua haina kesi, ni kweli. Kesi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine.

Niliposimama nilieleza yote, kwa mpango, kama ninavyoyaeleza hapa: pine za theluji, magunia, jua, upepo uliozidi, arusi, minyororo. Sikutukana. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata wengine wakasogea ili wasikie. Nilisema mlima haukufungwa na mtu. Nilisema gari lilikosa meno ya katikati, na nilimtaja aliyeyala.

Baba mkwe alikuwa mzee aliyechimba dhahabu maisha yake yote, si mtu wa magari. Aliuliza, "Hiyo pine iko wapi?"

"Iko pale, baba. Ku ile jipu ilileta patro."

Akainuka, akaenda, akachuchumaa nyuma ya gari, na ukoo mzima nyuma yake. Alipitisha kiganja pembeni, kisha katikati. Alikaa nacho hapo muda mrefu. Halafu akavua kofia, akajigusa upara, akagusa pine tena.

"Iko sawasawa na kichwa yangu," akasema. Hakuna aliyecheka. Akamgeukia jeran. "Patro, uliona hii?"

"Mimi siko mutu wa pine, muzee. Batu ba garaji ndio banajua."

"Bale ba garaji, hawakukuambia?"

Jeran akasema kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa, kisha akatazama mawingu na kusema njia inaweza kuharibika tena, afadhali aondoke mapema. Kijana mmoja, mpwa wa mke wangu, alikuwa bado hajashiba. Akasema sawa, pine ni mbovu, lakini kwa nini siku ile, na kwa nini Lotsove? Hasira niliyokuwa nimeikalia tangu mlimani ilinipanda hapo, na nadhani haijashuka mpaka leo. Nilimwambia kwamba ni siku ile kwa sababu pine zile zilikuwa zinaingia njiani kila siku. Kama asingekuwa yeye, angekuwa mwanamke wa Mahagi, au mtoto wa mtu mwingine aliyeungua na uji. Nilimwambia kwamba mama mzee huyu hajawahi hata kugusa pompi.

Baba mkwe aliinuka, magoti yakimlia. Alisema mbele ya wote kwamba dada yake anabaki nyumbani kwake, na anayetaka kumtoa aanze na yeye. Wanawake walimletea mama yule uji. Aliushika bila kuunywa.

Jeran hakupata aibu mliyokuwa mnangoja kwenye hadithi hii. Aliagana vizuri na kila mtu, akaomba radhi kwa kutokukaa zaidi, akapanda. Nilisimama karibu na mlango wa mama mzee tukitazama jipu likigeuka uwanjani. Kasereka hakuweza kunitazama. Meno ya pembeni yalionekana mazuri sana kutoka pale tuliposimama.

"Mukwe," mama mzee akaniuliza, "hizi pine, sasa watazitoa?"

Sikuwa na sababu ya kumdanganya. "Hapana, shangazi. Patro hataleta zingine."

Alilifuata gari kwa macho mpaka lilipopotea kwenye kona ya kwenda chini. Kisha akaketi, akaanza kulifungua furushi lake, kitu kimoja kimoja.

"Basi kule inaenda," akasema, "iko mama muzee mwingine amekaa ku mulango yake, hajajua bado ya kwamba ni yeye ataua mutu."